Je, msimbo unaojirudia katika NFS uunganishwe wote?

Mleta hoja: Anayefungua saraka ya NFS (itifaki ya kutumia faili za kompyuta nyingine kupitia mtandao) katika kiini cha Linux hukuta faili tatu zenye kazi inayokaribiana, yaani nfs2xdr.c, nfs3xdr.c na nfs4xdr.c, ambazo kila moja hufunga na kufungua ujumbe wa toleo lake la itifaki. Kwa mtazamo wa haraka huo ni urudufu mtupu, na wapo wanaoshikilia kwamba fanksheni zote zinazofanana ziunganishwe ili matengenezo yawe mepesi. Mimi napinga.

Tuangalie muda wa kubadilishwa kwa faili. Katika toleo la 2, ambalo waraka wake ulitolewa mwaka 1989, muda huo hutumwa kama namba mbili za biti 32: sekunde, kisha maikrosekunde. Katika toleo la 3, la mwaka 1995, hutumwa vilevile namba mbili za biti 32, isipokuwa ya pili ni nanosekunde. Fanksheni mbili zinazosoma namba hizo zinafanana kama pacha, na kinachozitenga ni kuzidisha kwa 1000 tu. Anayeziunganisha akasahau kuzidisha huko hatapata onyo lolote, na faili zitaendelea kusomeka bila shida. Kosa litakuwa chini ya sekunde moja, nalo litajitokeza siku ambayo make, programu inayojenga upya faili zilizopitwa na wakati, italinganisha faili ya kwenye mtandao na nyingine iliyo kwenye diski ya hapo hapo, ikaamua kwamba hakuna cha kujenga upya.

Kuandika data ni kugumu zaidi. Seva ya toleo la 2 hairuhusiwi kujibu kabla data haijatua mahali pa kudumu, ilhali ya toleo la 3 inaweza kujibu mapema iwapo mteja ameridhia, kisha mteja akatuma baadaye COMMIT, yaani ombi la kuihifadhi data hiyo mahali pa kudumu. Jina la operesheni ni lile lile, ila ahadi ni nyingine. Fanksheni moja yenye "kama ni toleo la 2" mara tano ndani yake ni fanksheni mbili zilizovalishwa kanzu moja.

Mchangiaji: Ndugu mleta hoja, mifano yako ni sahihi, lakini umechagua ile inayokufaa. Chukua jina la faili. Jina la herufi tano hutumwa kwa baiti 4 za urefu, baiti 5 za jina lenyewe na baiti 3 za kujazia ili jumla igawanyike kwa nne. Kanuni hiyo ni ya XDR, muundo wa kupanga data katika ujumbe ambao NFS huutumia, na haijali toleo la NFS. Niliwahi kutunza msimbo wa aina hii kazini, nikarekebisha ukaguzi wa urefu katika nakala moja na kuisahau ya pili, hivyo ujumbe wenye urefu wa uongo ukaendelea kusomwa nje ya bafa (eneo la kumbukumbu lililotengewa ujumbe) kwa miezi kadhaa. Hapo kutenganisha kulimlinda nani?

Mleta hoja: Hakukumlinda yeyote, na hapo nasalimu amri. Nilipaswa kuuliza tangu mwanzo kanuni imeandikwa katika waraka gani, badala ya kupima mistari inavyofanana kwa macho. Iliyo ya XDR isomwe na fanksheni moja, na kikomo cha urefu kipitishwe kama parameta, kwa kuwa toleo la 2 huishia herufi 255 ilhali la 3 halikuweka kikomo chake. Kiini chenyewe kimekwisha kuonyesha njia: saraka ya nfs_common ina msimbo wa ACL (orodha za ruhusa za faili) unaotumiwa na upande wa mteja na wa seva, na maktaba ya netfs, iliyoingizwa mwaka 2021, ilibeba kazi ya kusoma data ambayo AFS na Ceph, mifumo mingine ya faili za mtandaoni, zilikuwa zikiifanya kila moja kivyake. Kiraka (badiliko la msimbo) cha majina ya faili ningekipokea kesho. Kinachogusa muda na uandishi wa data kije peke yake, kikiwa na majaribio ya toleo la 2 ndani yake, maana waliobaki wakilitumia ni wachache na hitilafu yake inaweza kukaa muda mrefu kabla ya mtu kuigundua.