Borland aliacha mamilioni akiwa na miaka 24: akili au woga?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Niko Columbus, Ohio, na nina ubishi wa nyumbani nimeona niulete hapa. Mwanangu wa miaka 14 anaingia sekondari na anataka kuendelea na futiboli ya Kimarekani, upande wa ulinzi. Baba yake yuko tayari kusaini hata usiku huu. Fomu mimi nimeificha kwenye droo ya vijiko.

Tunagombana kupitia mtu mmoja, Chris Borland, kijana wa Kettering, humu humu Ohio. Kwa wasiomjua: alitokea Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 2014 akachukuliwa na San Francisco 49ers, timu ya ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, NFL. Alicheza lainbeka, yule mlinzi anayesimama nyuma ya mapande ya watu wa mstari wa mbele. Mchezo ukianza anasoma mpira unakwenda wapi, kisha anamkimbilia aliyeubeba mpaka wagongane. Kila mara, msimu mzima. Msimu wake wa kwanza aliangusha watu zaidi ya 100 na kunasa pasi mbili za wapinzani. Machi 2015 nyota wa nafasi ile, Patrick Willis, akastaafu, namba ikawa ya Borland. Haikupita hata wiki mbili naye akauaga mchezo. Mkataba wake wa miaka minne ulikuwa wa karibu dola milioni 3, na ile pesa ya kusaini akakubali kuirudisha robo tatu.

Hakutoka kwa machela. Kambini mwaka 2014 aligongwa kichwani akazubaa, akanyamaza na kuendelea na mazoezi kwa sababu alikuwa anagombea namba. Baadaye ndipo akaanza kusoma na kuuliza wataalamu, akaona faida hailingani na hatari.

Mimi nasema alikuwa na akili. Ila angalieni: alihitaji utu uzima, chuo kikuu na msimu mzima wa ligi kuu ndipo aamue. Huyu wangu anaamua kwa kuwa rafiki zake wote wanacheza. Karibuni, msiogope kunikosoa.

Mchangiaji wa kwanza:
Dada, nakuheshimu, lakini Borland alikuwa na shahada ya historia mkononi. Kuna wachezaji ambao kodi ya mama na ada ya wadogo zao vinalipwa na mabega yao. Hao utawaambia "hatari hailipi"? Bodaboda wetu nao wanavunjika miguu kila siku na hatuwafungii nyumbani. Halafu mbona humtaji Damar Hamlin wa Buffalo Bills? Januari 2023, hapo hapo Ohio, Cincinnati, moyo ulisimama uwanjani mbele ya taifa zima. Madaktari wakamrudisha, na msimu uliofuata akarudi kucheza. Huyo tumwite mjinga?

Mleta mada:
Kaka, Hamlin simwiti mjinga. Lakini lile lilikuwa pigo moja, kila mtu akaliona, madaktari wakamkimbilia hapo hapo. Mimi naogopa lisiloonekana. Junior Seau alicheza lainbeka misimu 20. Hakuwa na mtikisiko wa ubongo ulioripotiwa hata mmoja. Mei 2012 alijiua akiwa na miaka 43, na ubongo wake ulipochunguzwa wakakuta CTE, ule ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwani mara kwa mara. Kabla yake, 2011, Dave Duerson, bingwa na Chicago Bears, alijiua na kuacha ujumbe kwamba ubongo wake upelekwe ukachunguzwe. Nani alimkimbilia na machela?

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni muuguzi, naomba tusitishane kwa takwimu. Ile ya utafiti wa Boston wa mwaka 2017, bongo 110 kati ya 111 za wachezaji wa zamani wa NFL kukutwa na CTE, mara nyingi inasomwa vibaya. Zile bongo zilitolewa na familia, na nyingi zilitolewa kwa sababu ndugu walishaona mzee amebadilika. Haimaanishi kati ya kila wachezaji 111 wanaumwa 110. Mpaka leo uthibitisho kamili unapatikana mtu akishafariki, kwa hiyo walio hai na wazima hatuna namna nzuri ya kuwahesabu. Nayasema haya nikiwa namheshimu sana Bennet Omalu, yule Mnigeria daktari aliyeuona ugonjwa huu kwenye ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa zamani wa NFL, mwaka 2002 pale Pittsburgh, ligi ikambishia.

Na jambo lingine, mama. Kabla ya kuingia ligi Borland alishapimwa akakutwa na mtikisiko mara mbili. Mmoja aliupata darasa la nane akicheza kabumbu. Hii yetu! Nayo utaizuia?

Mleta mada:
Hilo la kabumbu limenikalisha chini, sikulijua. Na hoja ya takwimu naipokea. Nyumbani nilikuwa naitumia kama rungu.

Lakini ngoja niwaambie kilichonifanya niifiche fomu. Msimu uliopita mtoto alirudi na helmeti yake nyumbani, nikaifuta. Ilikuwa nyeupe, sasa ina michirizi myekundu, ya bluu, na mmoja wa kijani juu ya sikio la kushoto. Nikadhani rangi ya ukutani. Akacheka: "Mama, hizo ni rangi za helmeti za wenzangu." Anajivunia! Nilihesabu kumi na saba nikaacha, na hakuna hata mmoja ambao kocha alinipigia simu kuhusu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baba yake. Yeye anahesabu mara mtoto alipoumia, anapata sifuri. Mimi nahesabu michirizi.

Fomu inatakiwa Ijumaa. Mliosaini, mlikuwa mnahesabu nini?