Familia ya Bibi Muheza

Dada Rehema 19:04
Asalaam aleikum familia. Jumamosi Bibi lazima afike hospitali. Jino la chini lina usaha tangu Idi, fizi imevimba mpaka shavuni, na sukari leo asubuhi ilikuwa 14 kabla hajala. Naogopa maambukizi haya yanamzidishia kusahau. Nataka majina mawili: wa gari, na wa kulala naye Ijumaa.

Dada Rehema 19:38
Naona tiki za bluu tu. Jamani.

Hamisi 19:41
Dada, jino na kusahau wapi na wapi? Bibi ana uzee tu

Dada Rehema 19:46
Usiseme uzee tu. Mwezi wa tano si alikuwa anamwita Salma kwa jina la marehemu, usiku kucha anatafuta kanga zake? Yalikuwa maambukizi ya mkojo. Alipomaliza dozi akatutaja wote mmoja mmoja. Maambukizi yakikaa mwilini, kinga inawaka muda wote, na kemikali zake zinaupa ubongo taarifa kupitia damu. Huko kuna chembe walinzi, maikroglia. Kazi yao kufagia uchafu, pamoja na amiloidi, ile protini inayorundikana kwenye ubongo wa wenye ugonjwa wa kusahau. Zikichokozwa kila siku hazitulii tena, zinadhuru hata neva nzima.

Dada Rehema 19:48
Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba kasoro kwenye jeni ya TREM2, inayotumiwa na chembe hizohizo, inapandisha hatari ya Alzheimer, ugonjwa wa kusahau. Hao walinzi si watazamaji.

Hamisi 19:50
Walinzi gani, mabeki wa Simba? 😂

Salma 19:50
😂😂 hao hawafagii chochote

Shangazi Zuhura 20:12
Kama ni kuvimba si apewe diklofenaki? Mimi magoti yanatulia kabisa.

Dada Rehema 20:15
Hapana shangazi, nakuomba. Zitamharibu figo na tumbo. Marekani waliwajaribu wazee ambao ndugu zao waliugua Alzheimer, wakawapa naprokseni na selekoksibu, dawa za jamii hiyohiyo ya diklofenaki. Zoezi likasimamishwa 2004 kwa hofu ya moyo, na matokeo hayakuonyesha kinga yoyote. Moto huu hauzimwi kwa vidonge vya maumivu. Tuondoe kinachouwasha.

Salma 20:21
Kwa hiyo jino ndilo limemletea?

Dada Rehema 20:24
Sisemi hivyo. Fizi mbovu zimehusishwa, haijathibitika kwamba ndizo chanzo. Ila sukari, presha na kutosikia vizuri yamo kwenye mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, kwa mujibu wa tume ya jarida la kitabibu la Lancet ya 2024. Wanasema yote yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa huo duniani vingezuilika au kuchelewa. Bibi hata kumbukumbu hajawahi kupimwa! GARI NANI?

Hamisi 20:30
Walioleta mganga mwezi wa tano wamesoma hapo juu? Mkojo ule.

Shangazi Zuhura 20:33
Mganga nilimleta mimi, na nilimlipa mimi. Hela ya minazi ingekuwepo mama angelala hospitali siku ileile. Muulizane iliishia wapi.

Salma 20:34
_Ujumbe huu umefutwa_

Hamisi 20:34
Eeh, leo yametoka

Dada Rehema 20:36
Tafadhali tusiende huko. Gari.

Baba Mkubwa 21:17
Minazi niliuza mimi, kwa mazishi ya baba yenu. Mwenye neno aje barazani kwangu, si humu. Mama yangu ana usaha mdomoni nanyi mnacheka mpira. Jumamosi anakwenda.

Shangazi Zuhura 21:25
Nimesikia kaka.

Hamisi 21:26
Shikamoo baba mkubwa. Samahani sana. Gari nitaongea na bosi.

Dada Rehema 21:27
Utaongea au umepata?

Hamisi 21:40
Nitaongea

Salma 21:44
Mimi Ijumaa niko zamu ya usiku dada 😔

Baba Mdogo Kassim 23:02
Nimetuma 30,000. Nipo safarini, sijasoma yote. Mama anaendeleaje?

Dada Rehema 23:05
Ahsante baba mdogo, nimeipata. Leo uji kakataa, anashika shavu. Shangazi, Ijumaa utalala naye wewe?