Harusi ya rafiki Mombasa mwezi wa nane: kundi linataka elfu ishirini, na mimi kazini nimepewa siku moja tu

Mama_Donholm

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo kabla sijakosana na watu.

Rafiki yangu wa chuo, tuliyepanga naye chumba kimoja South B enzi zile za kula sukuma kwa zamu, anaolewa mwezi wa nane. Kwao ni Mombasa, Kibokoni, na harusi inafanyika huko huko kwa taratibu zao za Kiswahili. Mimi ni Mkristo, mtoto wa Eastlands, na harusi za Pwani nimeziona kwenye simu tu. Kadi inasema nikahi, yaani kufunga ndoa, ni Ijumaa usiku msikitini, na kupamba, ile sherehe ya kumuonyesha biharusi aliyepambwa, ni Jumamosi saa mbili usiku ukumbini. Pembeni ameniandikia kwa mkono wake: "Ijumaa mchana hina nyumbani, usikose."

Shida ni kundi la WhatsApp. Sisi tuliosoma naye tumewekwa humo na dada mmoja aliyejifanya mwenyekiti. Mchango 7,000, sare 4,500, na nyumba ya kukodi Diani yenye bwawa la kuogelea, kila mtu 9,000. Hiyo ni 20,500 na bado sijapanda gari. Wengi wanapanda ndege. Bajeti yangu yote haizidi 22,000, na watoto wanafunga shule mwezi huo huo, nyumba nzima itakuwa inakula mchana.

Kazini niliomba siku tatu, bosi akanipa moja. Mume wangu naye anataka twende wote akaone bahari. Nifanyeje? Niende Jumamosi tu nirudi? Nilipe mchango nikae nyumbani? Na huko navaa nini?

Kijana_Githurai

Elfu tisa ya bwawa na bahari iko pale pale bure? Hao wanaenda likizo yao, harusi ni kisingizio.

Mwana_Mvita

Dadangu karibu Mombasa, na nakuomba usome maneno yangu yote, maana naona kuna mambo kundi lenu halijaambiwa.

Kwanza hiyo nyumba ya Diani. Diani iko kusini, ng'ambo ya feri. Kibokoni iko kisiwani, Mji wa Kale. Kupamba kwetu hakuishi saa nne. Kadi ikisema saa mbili, wageni wa mwanzo wanaingia saa tatu, na biharusi mwenyewe huenda mkamuona saa tano. Mkitoka hapo usiku wa manane mmevaa viatu virefu na dhahabu za kuazima, mwende Likoni mkasubiri feri, kisha mtafute gari la kuwafikisha Diani? Kwa miguu feri ni bure, na wenye gari siku hizi wana njia ya Dongo Kundu, lakini ninyi hamna gari. Mwambie mwenyekiti wenu atazame ramani.

Pili, mumeo. Kupamba ni kwa wanawake peke yao. Hakuna mwanamume atakayevuka mlango ule ila labda bwana harusi, akiletwa mara moja kupigwa picha na mkewe, na hapo wanawake wote wanajifunika. Mumeo atakaa nje na madereva wa tuktuk mpaka usiku wa manane. Nikahi nayo ni ya wanaume, kwa hiyo akija Ijumaa ana mahali pa kwenda, na kwetu mgeni hafukuzwi, ila bibi harusi amuombee ruhusa kwa babake mapema. Asije akatokea tu na kamera shingoni.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Usiku wa kupamba rafiki yako hutaongea naye. Atakaa jukwaani kapambwa, macho chini, ukumbi mzima unamtazama, foleni ya mashangazi inapanda kumbusu. Utamuona kwa mbali, utapiga kigelegele, utakula sambusa na katlesi, basi. Hina ndiyo saa ya marafiki. Amekaa chini, mikono na miguu imechorwa na haijakauka, hawezi hata kujikuna pua. Mtu anamlisha, mwengine anampepea, hadithi zote za chuo zinatoka hapo, na kilio pia. Wewe umeandikiwa kwa mkono uje siku hiyo. Kundi zima limepewa kadi tu.

Nguo: njiani na nyumbani, gauni refu na mtandio wa kujitupia kichwani. Ukumbini utaingia na buibui juu, ukishaingia unalivua, na ndani vaa utakavyo. Ndani watu wanavaa kweli kweli, usije na kitenge cha ofisini ukajiona mdogo. Simu usitoe kupiga picha, hata ya mapambo ya jukwaa. Wanawake wako vichwa wazi humo, na mlangoni huenda zikakusanywa kabisa.

Abiria_Sugu

Mwana_Mvita amemaliza mambo ya ndani, mimi niseme ya njiani.

Panda treni. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni 1,500 na daraja la kwanza ni 4,500. Kwa hiyo kwenda na kurudi ni elfu tatu. Nunua tikiti sasa hivi, usingoje mshahara. Mwezi wa nane shule zimefungwa, kila mzazi wa Nairobi anapeleka watoto baharini, na ukikumbuka wiki ya mwisho utakuta viti vimekwisha, hasa vya kurudi Jumapili. Ni *639# na M-Pesa, na jina liwe lile lile la kitambulisho.

Ile ya asubuhi, saa mbili, inasimama vituo vya njiani: Emali, Mtito Andei, Voi. Ya saa tisa alasiri inakwenda kasi zaidi. Ya saa nne usiku ndiyo inayokufaa wewe: unatoka kazini Alhamisi, unafika kituo cha treni cha Syokimau na begi lako, na Mombasa unashuka kabla ya alfajiri ya Ijumaa. Siku yako moja ya ruhusa inakuwa Ijumaa nzima. Jumapili unaweza kurudi na ya saa nne usiku pia, Jumatatu ukaingia kazini macho mekundu, lakini umeingia.

Syokimau fika zaidi ya saa moja kabla. Mizigo inapangwa chini kwa mstari, mbwa wananusa, kisha mashine, kisha mashine tena. Kisu cha keki au chupa ya pombe ya zawadi acha nyumbani.

Na ukifika, kituo kiko Miritini, si mjini. Usiku ule tuktuk na teksi wanajua hujui. Patana bei kabla ya kuweka begi, au bora zaidi mtu wa kwao akupokee.

Simba_wa_Umoja

Naona mnamshauri ajitenge. Kesho akifiwa nani atakuja? Hao wa kundi ndio hao hao watakaosimama naye. Elfu ishirini inauma, lakini kujitenga kunauma zaidi. Tena kulala kwa watu wenye harusi ni kuwaongezea mzigo. Wana wageni kutoka Lamu, Malindi, Unguja, halafu wewe wa Donholm unataka godoro.

Mwana_Mvita

Simba_wa_Umoja, harusi ya Mji wa Kale bila magodoro sebuleni umeiona wapi? Nyumba za majirani hufunguliwa wiki nzima. Aulize tu, "Nina pa kulala?" Akiambiwa ndiyo, aje na shuka lake na kilo mbili za sukari, na asubuhi ashike kisu akate vitunguu pamoja na wenzake. Mgeni anayekata vitunguu si mzigo.

Binti_Tanga

Nawasoma kutoka huku ng'ambo ya mpaka nacheka. Kwetu mchango ndiyo kadi yenyewe. Kiwango kinatajwa, na usipotoa hupati kadi, na kadi ya mtu mmoja haiingizi wawili. Mama_Donholm wewe kadi unayo tayari mkononi na hukuitishwa senti na wenyewe. Huo mchango wa 7,000 unakwenda kwa nani? Familia imeuomba?

Mama_Donholm

Asanteni sana, sikutarajia majibu haya. Binti_Tanga umenigusa penyewe. Nimeuliza kundini pesa zinanunua nini nikaambiwa "zawadi ya pamoja na mambo mengine". Nikauliza mambo mengine ni yapi, mtu akatuma emoji ya kucheka na mazungumzo yakahamia rangi ya sare.

Ya Diani nimewatumia ramani. Kimya cha saa nzima. Halafu mwenyekiti akasema tutakodi basi dogo la kutupeleka na kuturudisha, nyongeza 1,500 kila mtu.

Kijana_Githurai

Hahaha. Hiyo nyongeza pekee ni tikiti ya treni.

Mzee_wa_Kibwezi

Binti, salamu. Mimi nimeendesha magari ya barabara hiyo miaka mingi, basi lisikutishe kama treni imejaa. Ni karibu kilomita 480, ukitoka usiku unafika asubuhi, na Mtito Andei mnasimama kunyoosha miguu na kunywa chai. Ila malori ni mengi na madereva wanapitana vibaya, kwa hiyo mimi mwenyewe leo wajukuu zangu nawaambia wapande treni.

Kuhusu bosi wako. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza mwaka likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi. Siku tatu hukuomba sadaka. Lakini tarehe mnapatana, na ukienda na karatasi mwezi mzima kabla ni rahisi kuliko kumfuata kwenye ngazi. Hata hivyo kwa ratiba aliyokupa huyo wa treni, naona siku moja inakutosha. Usiharibu uhusiano kwa siku mbili usizozihitaji.

Mchango wa kundi toa kiasi chako, useme wazi, na unyamaze. Elfu mbili iliyotolewa mapema haina maswali mengi.

Simba_wa_Umoja

Hapo kwa elfu mbili nakubaliana na mzee. Asitoke kundini tu.

Mwana_Mvita

Na zawadi yako mwenyewe usiipitishe kwa kundi. Mpe mkononi siku ya hina, ndani ya bahasha, au mpe mamake. Akishaingia kwenye fungate simu yake itakuwa haishikiki. Kama hujui umpe nini, pesa haina aibu kwetu. Leso usimbebee kutoka Nairobi, atakuwa nazo sanduku zima, na Biashara Street yetu iko dakika chache kutoka kwao.

Jambo jingine dogo: ukikuta wazee wamekaa, shikamoo kwanza, kabla ya kuuliza biharusi yuko wapi. Usipofanya hivyo watakusema mpaka mtoto wake wa kwanza azaliwe.

Mama_Donholm

Basi wakuu, nimepiga simu badala ya kuandika. Rafiki yangu alicheka kusikia habari za Diani, hakuwa na habari kabisa. Amesema familia haijaomba mchango wowote kutoka kwetu. Ameniambia pia kwamba kwenye hina watu wake wa Nairobi ni mimi na binamu yake tu, wengine wote wanaingia Mombasa Jumamosi. Mahali pa kulala nitakaa kwa shangazi yake, nyuma ya nyumba yao. Sukari nimeambiwa nisilete, nilete majani ya chai ya Kericho.

Tikiti ninazo: kwenda Alhamisi saa nne usiku, kurudi Jumapili saa tisa alasiri, kwa sababu ya usiku ilikuwa imejaa tayari (Abiria_Sugu, ulisema). Kundini nimetuma elfu mbili na kueleza kwamba sare sitavaa na nyumba sitalipia. Wawili wamenifuata kando kuuliza kama kwa shangazi kuna nafasi. Nimewaambia wampigie mwenye harusi, mimi si mwenye nyumba.

Mume amekubali kubaki na watoto, kwa masharti: mwezi wa kumi na mbili tunaenda wote. Hapo tutaonana tena humu kuomba ushauri.

Swali la mwisho, buibui. Ninunue, au?

Binti_Tanga

Eastleigh yamejaa, ya kila bei. Chukua jeusi la kawaida, usilipie mawe ya kung'aa, maana utalivua mlangoni.

Mwana_Mvita

Usinunue. Shangazi mtu ana matano nyuma ya mlango. Wewe nunua viatu vya chini vya kuvalia njiani, vichochoro vya Kibokoni vina mawe.