Tupeane uzoefu: Ulikutana na nini Hell's Gate na korongo la Ol Njorowa?

Wanajamvi, salamu. Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, iliyo karibu na Ziwa Naivasha, ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Naomba tusimuliane yaliyotupata humo, na nitaanza mwenyewe. Nilikodi baiskeli karibu na lango la Elsa bila kujaribu breki, jambo ambalo sitalirudia. Kwenda korongoni barabara inateremka kwa upole, hivyo mtu hujiona ana nguvu nyingi. Wakati wa kurudi ndipo utakapoujua ukweli wa magoti yako. Pundamilia waliokuwa wakila kando ya barabara hawakushughulika na magari hata kidogo, ila mimi niliyekuja kimyakimya juu ya magurudumu mawili waliniinulia vichwa wote kwa pamoja, kisha wakatimka.

Mchangiaji wa pili
Mimi nitasimulia korongo. Lilichongwa na maji yaliyotoka katika ziwa kubwa la kale, wakati Naivasha ilipokuwa pana kuliko tunavyoiona leo, na kuta zake zimebanana kiasi kwamba mahali pengine nilizigusa zote mbili kwa mikono. Maji ya moto hutiririka kutoka kwenye mwamba. Nilitia kidole na kukitoa upesi. Tukiwa bado chini, kiongozi wetu alisikia ngurumo za mbali akatuamuru tutoke, ingawa juu yetu jua lilikuwa likiwaka. Nilinung'unika, nakiri, kwa kuwa nilikuwa nimelipa. Hakunijibu, bali alinionyesha kijiti kikavu kilichokwama katika ufa, juu kuliko mkono wangu ungeweza kufika, akasema kililetwa na maji. Siku ile mafuriko hayakuja. Hata hivyo, mwaka 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua watu 7 humo humo, na mvua inayoyaleta huweza kunyesha mbali, mahali ambapo aliye chini haoni wingu lolote.

Mchangiaji wa tatu
Langu ni fupi: chini ya mnara wa mwamba wa Fischer, nyani alichukua mkate wetu wote huku sisi tukiwapiga picha pimbi.

Mchangiaji wa nne
Wengi hulalamika kwamba mabomba ya mvuke ya Olkaria, mitambo ya umeme wa jotoardhi iliyo humo mbugani, yameharibu mandhari, na kelele yake kweli inachosha. Mimi sikubaliani nao kabisa, kwa sababu mvuke huo ndio uleule unaochemsha maji ya korongoni, na umeme umekuwa ukizalishwa hapo tangu mwaka 1981, kabla eneo hilo halijatangazwa kuwa mbuga mwaka 1984. Niliwaona ngiri wakipita chini ya bomba wakiwa wameinua mikia, bila wasiwasi wowote.

Mchangiaji wa tano
Je, mtoto wa miaka 8 ataweza kushuka?

Mchangiaji wa pili
Kuna miteremko ya mwamba laini inayohitaji kamba na mkono wa mtu mzima. Ulizeni kwanza langoni kama korongo limefunguliwa siku hiyo, mchukue kiongozi, na mtoto avae viatu vyenye soli inayoshika. Wa kwetu alivaa ndala, nikambeba mgongoni hadi juu.