Shahada ya Historia mkononi: ualimu, duka la mjomba au mkataba wa masjala?

BintiKilosa

Salaam wanajamvi,

Nilihitimu Shahada ya Sanaa katika Historia mwaka jana, kwa ufaulu wa daraja la pili la juu, na tangu wakati huo naishi kwa shangazi yangu Kimara nikizungusha bahasha. Nimejisajili kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na nimeomba kila nafasi iliyotaja shahada ya sanaa. Nilipoitwa kwenye mchujo, tulijaa ukumbi mzima tukigombea nafasi za kuhesabu kwa vidole, na jina langu halikuonekana kwenye orodha ya walioitwa usaili wa mahojiano.

Sasa kuna njia tatu mbele yangu, na nyumbani kila mtu ana yake. Baba, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anataka nisome Stashahada ya Uzamili ya Elimu ili nifundishe sekondari, na yuko tayari kuuza sehemu ya shamba alipie ada. Mjomba ana duka la vifaa vya ujenzi Kibaha na amesema nikakae naye, niuze na kushika daftari la mahesabu, naye atanilipa "kulingana na biashara inavyokwenda", maneno ambayo hadi leo sijaambiwa yana thamani ya shilingi ngapi. Njia ya tatu nimeitafuta mwenyewe: shirika moja lisilo la kiserikali linanipa mkataba wa miezi sita wa kupanga masjala yake, yaani kuchambua majalada ya miaka mingi, kuyaskani na kuyaingiza kwenye kompyuta, kwa shilingi 350,000 kwa mwezi bila nauli.

Sikusoma Historia kwa kukosa pa kwenda. Utafiti wangu wa mwaka wa tatu ulihusu vibarua wa mashamba ya mkonge ya Kimamba. Niliwahoji wazee, nikarekodi, nikanukuu mahojiano yote mwenyewe, yaani kuyaandika neno kwa neno kutoka kwenye sauti, na msimamizi wangu aliisifu kazi ile. Lakini sifa hazilipi ada za wadogo zangu, deni la Bodi ya Mikopo linanisubiri, na kila ninapokutana na wenzangu waliosoma uuguzi au uhasibu naulizwa swali lilelile: hiyo Historia unaifanyia nini? Naomba mnieleze kwa uwazi kama fani hii ina kipato cha maana, au nikubali kwamba shahada ilikuwa ya kujielimisha tu na pesa nizitafute kwingine.

Nawasilisha.

MzeeWaMasjala

Binti yangu, mimi ni mstaafu wa masjala za serikali, kwa hiyo nitazungumzia njia ya tatu peke yake. Za ualimu na biashara watazisema wanaozijua.

Mkataba huo uchukue, ila usiuchukue kama ulivyo. Omba cheo chako kiandikwe wazi kuwa msaidizi wa kumbukumbu, na majukumu yako yatajwe moja baada ya jingine, kwa sababu vijana wengi huandikiwa kuwa wanajitolea, na muda ukiisha hawana karatasi ya kumwonesha mwajiri mwingine kwamba kazi hii waliwahi kuifanya. Uliza pia ni nani atakayekusimamia. Kama shirika halina mtu hata mmoja anayejua utunzaji wa kumbukumbu, utafanya kazi nyingi na kujifunza kidogo.

Kuhusu Historia yako, nikwambie jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu. Mtu asiyejua thamani ya waraka akipewa jalada la zamani, hamu yake ya kwanza ni kulifumua na kuzipanga barua upya ili lipendeze. Akishafanya hivyo amevunja uhusiano wa dokezo, yaani karatasi ya maelezo na maamuzi ndani ya jalada, na folio, yaani kila waraka uliopewa namba humo: mkuu wa idara aliandika kwenye dokezo "tazama folio 14", lakini folio 14 imeshageuzwa kuwa folio 9, na anayesoma baada ya miaka kumi hawezi tena kujua uamuzi ule ulitokana na barua ipi. Folio ikikosekana, unaandika kwamba haipo na kuiacha nafasi yake; huzipi nyingine namba mpya. Mwanahistoria huna haja ya kumfafanulia sana hayo, kwa sababu tayari amezoea kuuliza waraka ulitoka kwa nani, ulikwenda kwa nani, na kwa nini umekutwa mahali ulipokutwa.

Kazi ipo. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inazitaka taasisi za umma zitunze kumbukumbu kwa utaratibu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imewafanya hata watu wa sekta binafsi waanze kuulizana nini kimo ndani ya makabati yao. Hata hivyo nisikudanganye: matangazo mengi ya serikali kwa nafasi za masjala humtaka mtu aliyesomea utunzaji wa kumbukumbu, na shahada ya Historia peke yake mara nyingi haitapita kwenye uchambuzi wa maombi. Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha fani hiyo. Kama kuna ada ya kulipwa katika familia yenu, mimi ningeiweka huko, tena baada ya miezi hiyo sita, ukiwa umeshajua kama vumbi la majalada unaliweza.

HesabuKwanza

Nakubaliana na Mzee kwa sehemu kubwa, lakini dada yetu ameuliza habari ya pesa na bado hajajibiwa kwa pesa.

Tuchukue hiyo 350,000, tuichukulie kuwa ndiyo mshahara wako wa msingi na kwamba shirika linafuata sheria. Mchango wako wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani 35,000. Inabaki 315,000 ya kutozwa kodi ya mapato. 270,000 za mwanzo hazitozwi, na zile 45,000 zinazozidi hutozwa asilimia 8, yaani 3,600. Mwajiri akishatakiwa kukukata marejesho ya Bodi ya Mikopo, hiyo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 52,500. Mkononi unabaki na 258,900, na bado hujapanda mwendokasi wala kula mchana. Sisemi haya ili ukatae. Nataka ujue kwamba kwa miezi hiyo sita utakuwa unakula kwa shangazi, kwa hiyo zungumza naye mapema badala ya kumwahidi mchango ambao hutauweza. Kuhusu wadogo zako, mwambie baba ukweli kwamba mwaka huu ada hazitatoka kwako.

Deni nalo lisikukoseshe usingizi. Ile tozo ya kutunza thamani ya mkopo ya asilimia 6, iliyokuwa ikilifanya deni livimbe kila mwaka hata kama mtu analipa, iliondolewa mwaka 2021. Unachodaiwa sasa hasa ni fedha uliyokopa, na inakatwa kadiri unavyolipwa.

Mjomba usimkatie tamaa, mtake namba. Mwambie kwa adabu: "Mjomba, naomba unitajie mshahara wa kila mwezi, hata kama ni mdogo, na faida itakuwa nyongeza." Akitaja, una kitu cha kulinganisha. Asipotaja, maana yake utakuwa mtoto wa nyumbani anayeuza saruji na misumari, na siku ukitaka kuondoka itaitwa utovu wa shukrani. Nimeona undugu mwingi ukiharibikia kwenye droo ya duka.

Na wale watakaokuja hapa kukwambia "jiajiri", waulize mtaji walipewa na nani.

MwalimuWaZamu

Nafundisha Historia na Kiswahili katika shule binafsi, nitaandika kwa ufupi kwa sababu nina madaftari ya kusahihisha. Walimu wa masomo ya sanaa ni wengi kuliko nafasi. Serikali inapotangaza ajira, macho yake huwa kwanza kwenye hisabati na sayansi, na siku hizi walimu nao hupitia usaili. Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, jambo ambalo limetupa pumzi kidogo sisi wa Historia, lakini sioni kama hilo linatosha kumfanya mzee auze shamba. Kama unapenda kusimama mbele ya watoto, soma, hutajuta. Kama ni kwa sababu baba alikuwa mwalimu, mweleze kwa upole kwamba zama zake mwalimu alipangiwa kituo, na za kwako anakitafuta mwenyewe.

DadaMfasiri

Mdogo wangu, nimeshangaa kwamba jambo linaloweza kukupa kipato mapema umelitaja kwa kupita tu: uliwahoji wazee, ukarekodi na ukanukuu. Watafiti wa afya, kilimo na maendeleo hulipia kazi hiyo. Saa moja ya mahojiano huchukua saa nne hadi sita kunukuliwa vizuri, zaidi ya hapo kama mzungumzaji anachanganya Kiswahili na Kikaguru huku upepo unavuma, na wengi wanaoichukua wanairuka sehemu wasiyoisikia au wanaibuni. Anayeandika kwa uaminifu kwamba hapa hapasikiki, na kuweka dakika yake, hupigiwa simu tena.

Baada ya hapo unaingia kwenye tafsiri. Madodoso na fomu za ridhaa za washiriki wa utafiti lazima ziwe katika lugha wanayoielewa, na kwa nchi yetu mara nyingi hiyo ni Kiswahili. Mmoja anatafsiri kutoka Kiingereza, kisha mwingine ambaye hajaiona nakala ya kwanza anairudisha kwenye Kiingereza, halafu mnakaa kulinganisha. Mimi nimeishi kwa kazi hizo kwa miaka kadhaa. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, nyaraka za kisheria nazo zimeongezeka, ingawa hizo zina wenyewe, usizivamie bila kujifunza. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, huendesha mafunzo ya wafasiri na wakalimani. Ukipata nafasi, nenda.

Upande wa pili wa shilingi nisikufiche. Programu za akili mnemba zimekula kazi nyepesi, na wateja wengine sasa wanaleta tafsiri iliyokwisha kufanywa na mashine, wanataka uihariri kwa malipo ya chini, wakati mara nyingine kuihariri ni kuifanya upya. Malipo huchelewa. Taasisi itataka namba yako ya mlipakodi na itakata kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 5, kwa hiyo itaje hela yako ukijua hilo. Kwa sababu hizo nisingekushauri uanze na hii peke yake. Masjala mchana, kunukuu jioni, kwa muda.

BintiKilosa

Shikamoo Mzee, na wengine wote nawashukuru. Jana nilimpigia mjomba na kumuuliza namba kama HesabuKwanza alivyonielekeza. Alicheka, akasema mimi ni mtoto wake na watoto hawalipwi mshahara. Nimeelewa. Shirika limekubali kuandika cheo cha msaidizi wa kumbukumbu na kunisajili NSSF, lakini nauli wamekataa. Msimamizi wangu atakuwa afisa utawala ambaye hajasomea kumbukumbu, ila wana mshauri atakayekuja mara kwa mara, nami nimeomba niwe nafuatana naye. Nitasaini. Baba bado amenuna, tutazungumza naye sikukuu nikienda nyumbani.

Dada Mfasiri, nina swali: je, naweza kuwapa watafiti yale mahojiano ya wazee wa Kimamba kama mfano wa kazi yangu?

DadaMfasiri

Usiyatoe. Wazee wale waliridhia mahojiano kwa ajili ya utafiti wako wa chuo, na sauti zao si mali yako ya kutafutia kazi. Mtafiti makini akiona umezisambaza atajua utazisambaza na zake. Tafuta hotuba ya bajeti ya wizara yoyote iliyochapishwa hadharani, tafsiri kurasa mbili. Kisha chukua mjadala wa redio uliowekwa mtandaoni, unukuu dakika kumi, na uweke alama za muda kila mzungumzaji anapobadilika. Nitumie zote mbili kwa ujumbe wa faragha kabla hujampelekea mteja, nikuoneshe wanapoangalia kwanza.

MzeeWaMasjala

Marahaba. Siku ya kwanza ukifika huko, kabla hujagusa jalada lolote, piga picha rafu zote kama zilivyo na uandike kila kabati lina nini. Huyo mshauri akija atakuuliza hilo.