Siatika (maumivu ya neva yanayoshuka mguuni): zoezi la neva limezidisha maumivu, nimekosea wapi?

Fizio wa Lang'ata
Wakuu, salaam. Nina mgonjwa ananiumiza kichwa. Ni dereva wa matatu, laini ya Rongai, miaka 43. Hii ni wiki ya 5: maumivu yanaanzia tako la kulia, yanashuka nyuma ya paja hadi kwenye shavu la mguu na ukingo wa nje wa unyayo, upande wa kidole kidogo. Mguu ulionyooka nikiuinua akiwa chali, nyuzi 35 tu analalamika. Akisimama kwa mguu mmoja na kuinua kisigino, kushoto anafika mara 22, kulia mara 6 kisha anayumba. Kano ya kisigino upande huo nikiigonga na nyundo inaitika kwa shida. Picha ya MRI anayo: diski ya L5/S1, ile ya mwisho chini ya kiuno, imetokeza kulia.

Nilimpa zoezi la kutelezesha neva: akae kitini, anyooshe goti, avute vidole vya mguu kwake, ainamishe kidevu kifuani, ashikilie sekunde 30. Mara 3, asubuhi na jioni. Siku ya 3 amerudi akichechemea na usiku hakulala. Niache mazoezi ya neva kabisa au nipunguze? Bosi anataka tumfunge kwenye mashine ya kuvuta kiuno, vipindi 10. Naye mgonjwa anataka kujua lini atarudi barabarani, kwa sababu mwenye gari ameanza kutafuta dereva mwingine.

Mwalimu wa Viungo
Daktari, ulichompa hakitelezeshi kitu, kinakaza. Fikiria uzi wa kaptula. Ukivuta ncha moja, ya pili inaingia ndani na uzi unapita kwenye pindo bila shida. Ukivuta ncha zote mbili kwa pamoja, unakaza kiuno. Kidevu kifuani ni ncha ya juu, vidole kuelekea kwako ni ncha ya chini, na goti umelinyoosha juu ya hayo. Halafu sekunde 30! Majaribio ya zamani kwa sungura yalionyesha kwamba neva ikirefushwa kama asilimia 8, damu huanza kupita kwa shida. Asilimia 15, inasimama. Mzizi wa S1, neva inayotoka hapo kiunoni kwenda mguuni, wa huyu jamaa tayari umevimba na umebanwa na diski. Msuli wa paja unaweza kuuvumilisha mvuto wa nusu dakika, neva iliyowaka haivumilii.

Zoezi lenyewe liwe hivi. Akae kwenye kiti kigumu, mgongo haukulegea. Goti la kulia linaponyooka, macho yapande kwenye dari. Goti linaporudi chini, kidevu kishuke. Kifundo cha mguu akiache kilegee, asivute vidole. Goti liishie pale anapohisi mvuto unakaribia kuanza, hata kama ni nusu ya njia. Hakuna kushikilia, ni kwenda na kurudi kwa mwendo wa pumzi. Mara 10, apumzike dakika moja, mara 10 tena. Mara 3 kwa siku zinatosha.

Kipimo cha dozi: maumivu yakipanda kidogo na kutulia ndani ya nusu saa, dozi ni sawa. Yakiendelea hadi jioni au yakimwamsha usiku, punguza umbali wa goti kwanza, kisha idadi. Kosa la kawaida ni mgonjwa kusahau shingo na kutazama mguu wake. Akitazama mguu, kidevu kimeshuka, na mmerudi mlikotoka.

Pingili
Mwalimu amesema kweli kuhusu shingo, ila mimi wiki hii nisingeigusa neva kabisa. Anza na kiuno. Umemjaribu kulala kifudifudi? Dakika 3 akiwa ametulia, kisha aegemee viwiko dakika 2, kisha asukume kwa mikono kiuno kikibaki kwenye kitanda, mara 10. Baada ya kila hatua muulize swali moja tu: maumivu yako wapi sasa? Yakiondoka kwenye unyayo, yakapanda shavu la mguu, yakaishia takoni au kiunoni, huo ndio mwelekeo wake, hata kama kiuno kinauma zaidi ya mwanzo. Mwambie mapema, maana wengi wakisikia kiuno kinauma huacha hapo hapo wakidhani wamejivunja. Yakishuka kwenda unyayoni na kubaki huko, simama, si mwelekeo wake.

Ukiupata mwelekeo, ni mara 10 kila baada ya saa 2 au 3 za mchana. Ila usimpe kila mtu mwenye siatika. Mzee wa miaka 70 anayeumwa miguu akitembea, akiegemea kitoroli cha supamaketi akapata nafuu, huyo huenda njia ya neva imekuwa nyembamba. Kumpinda nyuma ni kumbana zaidi.

Halafu nilipokuwa nasoma maelezo yako nimeshtuka kidogo: hukutaja mkojo, na diski inaweza kubana hata neva za kibofu. Mpigie leo. Anakojoa vizuri au anasimama chooni bila kitu kutoka? Anahisi karatasi anapojifuta? Kuna ganzi kwenye mapaja ya ndani na sehemu inayogusa kiti cha baiskeli? Tendo la ndoa je? Miguu yote miwili imeanza kuuma au kulegea? Jibu baya kwa lolote kati ya hayo, hilo si la kesho kliniki. Ni hospitali yenye MRI na daktari wa upasuaji usiku huo huo, kama Kenyatta.

Fizio wa Lang'ata
Asante Pingili, nitampigia. Kifudifudi nilijaribu, maumivu hayakusogea popote. Lakini akisimama, mabega yamehamia kushoto na nyonga imetokeza kulia.

Pingili
Basi ndiyo sababu. Mwili uliopinda upande ukiusukuma nyuma moja kwa moja, haufanyi kitu. Nyoosha upande kwanza. Asimame bega la kushoto likielekea ukuta, kiwiko kimekunjwa kati ya mbavu na ukuta, miguu mbali na ukuta kama futi moja. Asukume nyonga polepole kuelekea ukuta, ashike sekunde 2, aachie. Mara 10 hadi 15, ukiuliza swali lile lile. Akinyooka, ndipo mrudi kifudifudi.

Kiuno na Kazi
Naomba nigusie barabara. Tatizo liko mguu wa kulia, na huo ndio wa breki. Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayokandamiza pedali, na yeye anafika mara 6 tu. Abiria 14 nyuma yake, mteremko, mvua. Maumivu yakipungua bila nguvu kurudi, bado si dereva. Mimi nisingemruhusu kabla ya kisigino cha kulia kufika angalau mara 15, na kabla hajakanyaga breki kwa nguvu mara 10 mfululizo gari likiwa limesimama, bila mguu kulegea wala maumivu kama umeme kushuka.

Akirudi, kiti kisogezwe mbele. Madereva wengi hukaa mbali na usukani, goti likanyooka kila wanapokanyaga, yaani wanafanya lile zoezi lako baya siku nzima. Pochi na sarafu zitoke mfuko wa nyuma. Na kila akifika steji ashuke, atembee dakika 5, asibaki ndani akingoja gari lijae. Kwa sasa nyumbani hivyo hivyo: matembezi mafupi mara nyingi, si kitanda.

Mashine ya kuvuta: mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, wa mwaka 2016, unasema isitolewe kwa siatika, na mashine ya mawimbi ya sauti vilevile. Vipindi 10 ni pesa ya dereva ambaye hafanyi kazi. Toleo la 2020 limekataa pia dawa za maumivu ya neva, gabapentini na pregabalini, kwa siatika, lakini kama ameshaandikiwa asiache ghafla, arudi kwa aliyemwandikia azipunguze kidogo kidogo.

Muulize pia kama alidungwa sindano ya maumivu takoni na umeme ukashuka mguuni pale pale. Hiyo ingekuwa hadithi nyingine, ya neva kujeruhiwa na sindano, na MRI ya kiuno isingeieleza.

Fizio wa Lang'ata
Nimempigia. Mkojo sawa, choo sawa, ganzi iko unyayoni tu. Sindano alidungwa begani. Bosi nimemwambia, kanuna. Kesho naanza na ukuta, neva naiacha kwanza. Visigino nitavihesabu tena Ijumaa.

Mwalimu wa Viungo
Sawa. Ijumaa mhesabu kabla ya mazoezi, goti limenyooka, vidole viwili tu ukutani. Wagonjwa wakianza kuchoka huegemea kwa kiganja kizima, ukadhani nguvu zimerudi. Zikishuka chini ya 6, usingoje wiki nyingine, mwandikie barua ya kumwona daktari wa upasuaji wa mgongo siku hiyo hiyo.