Minimaketi: kamera ya simu, skana ya Bluetooth au RFID?

MangiSinza
Wakuu, heshima kwenu. Nina minimaketi, bidhaa kama 1,800 hivi, keshia mmoja na vijana wawili. Nimechoka kuhesabu mzigo kwa daftari. Naona njia tatu za kusoma misimbopau, ile mistari ya kwenye pakiti: kamera za simu tulizonazo, skana za Bluetooth, au zile kompyuta za mkononi za Android zenye skana ndani. Jamaa yangu ananishauri niziruke zote niende RFID, zile lebo zinazosomwa kwa mawimbi ya redio. Mliopita huku, nishikeni mkono.

MamaStoo
Mangi, kamera inatosha kuhesabu rafu jioni. Kaunta hapana. Kopo linang'aa, kijana anasogeza simu mbele, anairudisha nyuma, na foleni inaguna. Mimi nilihamia Bluetooth. Ila jua kitu kimoja: skana hizi nyingi hujitambulisha kwa simu kama kibodi, yaani zinaandika namba popote kishale kilipo. Kijana wangu alikiacha kwenye kisanduku cha bei. Bidhaa zilizosajiliwa kwetu Tanzania namba zake huanza na 620, na jumla ni tarakimu 13. Piga hesabu mwenyewe: sabuni ya mche iliuzwa shilingi trilioni sita na ushee.

FundiWaya
😂 TRA wasikusikie.
Mangi, kabla ya kulipa uliza kama ni leza ya mistari au ni ya 2D. Leza inasoma msimbopau wa kawaida tu. QR haiiwezi, na kwenye kioo cha simu ya mteja mara nyingi inagoma. Ya 2D inapiga picha, kwa hiyo inasoma vyote, hata lebo iliyochanika kidogo.
Zile za mkononi ni imara, zinaanguka sakafuni na kuendelea na kazi, lakini kwa watu watatu naona ni gharama ya bure. Hela hiyo weka kwenye waifai. Bluetooth na waifai ya 2.4 GHz wanagombania njia moja, kwa hiyo mashine ya kaunta ihamishie 5 GHz kama ruta iko karibu. Stoo ya nyuma ya ukuta ibaki 2.4, inapenya zaidi. Na programu iwe inauza hata mtandao ukikata, itume baadaye. Hili usilegeze.

NguoKkoo
Mimi nauza nguo, na RFID naikubali. Unapita na kisomaji, lebo nyingi zinasomeka kwa mpigo bila kufungua furushi. Zara na Decathlon wanaitumia miaka mingi. Lakini wewe unauza soda, mafuta ya kula na makopo: maji hunyonya mawimbi, chuma huyarudisha. Halafu nani atabandika lebo kila pakiti ya biskuti? Mwambie jamaa yako aje afanye yeye.

MangiSinza
Nimewaelewa. Na mchele wa kupima, mayai, maandazi ya mama jirani?

MamaStoo
Chapisha lebo zako. Namba zinazoanzia 20 hadi 29 zimeachwa kwa matumizi ya ndani ya duka, hazitagongana na za viwandani. Kwangu tatizo kubwa lilikuwa katoni. Msimbo wa katoni si wa kipande. Kijana akipokea katoni ya vipande 24, akaiskani kama kipande kimoja, stoo inasoma 1 na wewe unaanza kumshuku mtu kwa wizi. Sajili zote mbili, uandike katoni ina vipande vingapi. Nilimkosea binti mmoja kwa hili, nikaja kumwomba radhi.

FundiWaya
Nyongeza: printa ndogo za lebo zinatumia joto, hazina wino. Ukiweka bidhaa dirishani juani, lebo inaharibika mapema.

MangiSinza
Basi nachukua mbili za 2D za Bluetooth, na moja ya waya ibaki kaunta siku chaji ikiisha. Jumapili tunafunga saa nane tuanze kusajili. Mama, ulianza na rafu gani?

MamaStoo
Sabuni. Haiozi, na inakaa kimya ukihesabu.